Buddha kwa wenye watoto na madeni

Mtu akiulizwa pale Ibadakuli Buddha ni nani, jibu linalokuja haraka ni la kwenye televisheni: mtu amenyoa kipara, amejifunga shuka la rangi ya chungwa, amekaa chini amefumba macho. Mwingine atataja sanamu ya mzee mnene anayecheka, kitambi wazi, ambayo aliiona kwenye kaunta ya duka la Mchina. Huyo wa pili si Buddha. Anaitwa Budai, mtawa wa katika simulizi za China, na watu humweka dukani kwa kuamini kwamba huleta riziki. Huyo wa kwanza ni mtawa wa kweli, lakini mtawa ni mtu aliyeacha mke, shamba na mifugo. Ndipo msikilizaji anapohitimisha kwamba dini hiyo ni ya watu wasio na nyumba. Mama mwenye watoto watano, mkopo wa VICOBA na ng'ombe wawili wanaoumwa ataifanyia nini?

Swali hilo si geni. Aliulizwa Buddha mwenyewe huko India, yapata miaka 2,500 iliyopita. Aliyeuliza alikuwa mtu wa jamii ya Wakoliya aitwaye Dighajanu, na hakujipendekeza. Alieleza kwamba yeye na wenzake ni watu wa nyumbani, wanapenda starehe, wanalala katika nyumba zilizosongamana watoto, wanajipaka manukato, wanashika dhahabu na fedha mikononi. Akaomba wafundishwe wakiwa katika hali hiyohiyo.

Kwa ukanda unaoanzia Shinyanga kupita Kahama hadi Geita, ombi la watu wanaoshika dhahabu mikononi halihitaji ufafanuzi mrefu.

Buddha hakumwambia Dighajanu anyoe nywele. Alimwambia afanye kazi kwa bidii na ujuzi, ailinde mali aliyoipata kwa jasho, achague marafiki wema, na aishi kwa kipimo, matumizi yasiyazidi mapato. Halafu akatoa mfano ambao mfugaji yeyote wa Usukuma angeuelewa bila mkalimani, mfano wa lambo. Lambo kubwa lina njia nne za kuingiza maji na njia nne za kuyatoa. Mtu akiziba zile za kuingizia na kufungua za kutolea, na mvua nayo isinyeshe, lambo litakauka tu. Njia nne za kutolea alizitaja kwa majina: uzinzi, ulevi, kamari na marafiki wabaya. Za kuingizia ni kinyume cha hizo.

Tazama sasa safari inayojulikana karibu katika kila kitongoji. Mwanaume anaondoka nyumbani baada ya mavuno, anaelekea machimbo ya Nyarugusu au Rwamgasa. Anashuka kwenye duara. Wiki zinapita hakuna kitu, anaishi kwa kukopa chakula kwa mama lishe. Halafu siku moja duara linatema. Mawe yanakwenda karasha, unga unaoshwa, mwenye duara anachukua chake, mgao unafanyika, na mtu ambaye jana alikuwa hana nauli ana laki kadhaa mfukoni. Kufikia usiku njia zote nne za lambo zimefunguliwa kwa pamoja. Kuna bia, kuna mashine za dubwi, kuna mkeka wa mpira, kuna marafiki ambao hawakuonekana alipokuwa anakopa. Nyumbani Ibadakuli inaingia elfu ishirini kwenye simu, na mke akipiga kuuliza ada ya mtoto simu inaita tu.

Mafundisho hayo yanaorodhesha hasara za pombe kwa utulivu wa mhasibu: mali inapungua, ugomvi unaongezeka, maradhi yanakuja, jina linachafuka, mtu anajivua nguo mbele za watu, akili inafifia. Hakuna moto wa milele katika orodha hiyo. Ni mambo ambayo mke wa mlevi angeweza kuyataja yote kabla chai haijachemka.

Lakini Buddha hakumsifu bahili pia. Alisema mwenye kipato kidogo anayetumia kifahari anakula mali yake kama mla tini, na wafafanuzi wa zamani wakaeleza kuwa ni mtu anayeutikisa mti kwa nguvu, tini zinaanguka nyingi, anaokota chache na nyingine zinaoza chini. Mti unaozungumziwa ni wa jamii moja na mkuyu. Papo hapo akasema mwenye kipato kikubwa anayeishi kwa dhiki atakufa kama maskini. Wazee wenye zizi la ng'ombe mia ambao watoto wao wanakwenda shule bila viatu wamo humo pia, ingawa kwa desturi lawama huwaangukia walevi peke yao.

Katika mazungumzo mengine, na kijana aitwaye Sigala, kuna hesabu kabisa. Mali igawanywe mafungu manne. Fungu moja ni la matumizi, mawili ni ya kuendeshea kazi, la nne ni akiba kwa ajili ya siku ya shida. Mchimbaji aliyepata 800,000 angetumia 200,000, angerudisha 400,000 kwenye kazi, iwe mbegu, mbuzi au mtaji wa duka, na 200,000 zingebaki bila kuguswa. Kwa kibarua anayelipwa kutwa hesabu hiyo ni ngumu, na si haki kumsimanga anayeshindwa kula kwa robo ya mshahara wake. Jambo la maana ni kwamba fungu la akiba linatajwa kabla pesa haijaanza kutumika, halisubiri kuona kitakachobaki.

Hilo nalo Shinyanga wanalijua kwa jina lao. Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa wakati nyasi bado ni za kijani, ng'ombe wasiingie, ili kiangazi kikifika kuwe na pa kuchungia. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 kuirudishia ardhi ya Shinyanga miti yake, haukuleta wazo hilo kutoka nje; ulilikuta kwa wazee, ukalitia nguvu. Hakuna mfugaji anayefunga ngitili Septemba. Inafungwa mvua zikiwa bado zinanyesha, wakati kila mmoja anaona kama nyasi hazitaisha.

Je, kuna Waafrika Mashariki wanaoishi hivyo kwa jina la Buddha? Wapo, ingawa ni wachache. Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu la Kibudha lililojengwa na Wasinhala, watu wa Sri Lanka ya leo, waliokuja kufanya kazi nchini enzi za Waingereza. Ni miongoni mwa mahekalu ya Kibudha ya zamani zaidi barani Afrika, na uani kwake kuna mti wa Bodhi, aina ya mti ambao Buddha alikaa chini yake alipopata mwanga. Uganda nako kuna mtawa mzaliwa wa nchi hiyo, Bhante Buddharakkhita. Alilelewa Mkatoliki, akaenda India kusoma mwaka 1990, huko akakutana na watawa, akawa mtawa mwaka 2002 na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Kibudha karibu na Entebbe. Aliporudi kwao, watu barabarani walilishangaa bakuli lake la kuombea chakula, wengine wakidhani ni ngoma. Mama yake mzazi baadaye naye akawa mtawa. Kwa ukurasa wa familia habari hiyo inatosha kuonyesha kwamba mwana anaweza kurudi na jambo geni kabisa na bado akapokewa nyumbani.

Turudi kwa Sigala, kwa maana kwake ndiko liliko somo lote la familia. Buddha alimkuta alfajiri nje ya mji wa Rajagaha, nguo na nywele zikichuruzika maji, akisujudu upande wa mashariki, kusini, magharibi, kaskazini, chini na juu. Alipoulizwa sababu, akajibu kwamba baba yake alipokuwa anakata roho alimwagiza afanye hivyo kila siku. Hakujua zaidi. Buddha hakumcheka wala hakumkataza kuushika wosia wa baba. Alimwambia tu kwamba pande sita zina wenyewe. Mashariki ni wazazi. Kusini ni walimu. Magharibi ni mke na watoto. Kaskazini ni marafiki. Chini ni wafanyakazi na vibarua. Juu ni watu wa dini. Anayetaka kuziheshimu pande hizo awatendee hao inavyopasa, na wao wana wajibu kwake.

Msukuma anapaswa kuwa wa mwisho kuyashangaa maneno hayo. Usukuma wenyewe umegawanywa kwa pande za dunia: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Watu wa Shinyanga huulizana mtu ametoka upande gani na jibu linakuwa ni ukoo, ni lafudhi, ni jina la watu. Kwamba upande ni watu si fumbo kwao.

Kusini na kaskazini hapaleti ubishi mwingi. Mwalimu asikilizwe na aheshimiwe, naye asifiche ujuzi. Rafiki wa kweli anajulikana siku ya msiba, na rafiki wa uongo ni yule anayekubali kila unachosema ukiwa una pesa. Juu ni padri, shehe, mchungaji au mtawa, na mafundisho yanataka wapokewe vizuri nyumbani, nao waonyeshe njia njema. Anayesali kanisani au msikitini hana haja ya kuhama ili ayafuate.

Magharibi ndiko kwenye uzito. Mume anatajiwa mambo matano kwa mke wake: amheshimu, asimdharau, asitoke nje ya ndoa, amkabidhi mamlaka ya nyumba, ampatie mapambo. La tano huwachekesha wanaume, la nne huwanyamazisha. Katika nyumba nyingi za Ibadakuli na vijiji vinavyoizunguka, mwanamke ndiye anayepalilia pamba na kuokota, ndiye anayeinama kwenye jaruba la mpunga. Pamba ikifika AMCOS jina kwenye daftari ni la mume, na anayepokea malipo ni mume. Kumkabidhi mke mamlaka hakuishii kwenye chumvi na mkaa. Kama anazijua kazi, basi azijue na pesa, ajue kilo zilizopimwa na bei iliyolipwa. Mke kwa upande wake anatakiwa kupanga kazi vizuri, kuwakarimu ndugu wa pande zote mbili, kuwa mwaminifu, kulinda kilichopatikana na kutokuwa mvivu. Mafundisho ni ya kale na yanasikika hivyo, lakini wajibu wa mume ndio unaotangulia kutajwa, kisha wa mke.

Kwa upande wa chini, sauti za wenye nyumba hushuka. Chini ni dada wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini, ni kijana anayechunga ng'ombe wa watu, ni vibarua wa duara. Wanadaiwa mambo matano: kazi inayolingana na nguvu zao, chakula na ujira, matibabu wanapougua, kugawiwa vitamu vinapopatikana, na kupewa ruhusa kupumzika. La kulingana na nguvu linamhusu mtoto wa miaka 12 aliye nyuma ya ng'ombe tangu alfajiri wakati wenzake wako darasani. La vitamu linaonekana dogo, lakini kila aliyewahi kuwa mfanyakazi wa ndani anajua siku kuku alipochinjwa na yeye akala mchuzi. Nyumba inayotaka kuanza Ubudha wa kila siku inaweza kuanzia kwenye kuku huyo.

Iko kazi nyingine ya kila siku ambayo haigharimu kitu, nayo ni ya pumzi. Mtu anakaa kimya, mgongo umenyooka, anafuata pumzi ikiingia na ikitoka. Mawazo yakitoroka anayarudisha bila kujigombeza. Dakika kumi alfajiri, kabla ya jogoo wa pili na kelele za watoto, zinatosha kwa kuanzia. Faida yake haionekani pale mkekani. Inaonekana saa mbili usiku, mtoto anapovunja chungu cha maziwa na mkono wa mzazi umeshainuka. Aliyezoea kuitazama pumzi ana nafasi ndogo, kama ya kumeza mate, ya kuuona mkono wake umeinuka kabla haujashuka. Baada ya pumzi wengi hufanya zoezi la kutakia heri. Wanajitakia wenyewe heri, halafu mtu wanayempenda, halafu mtu wasiyemjali wala kumchukia, mwishoni yule mwenye ugomvi nao, labda jirani aliyesogeza mpaka wa shamba. Huyo wa mwisho huchukua miezi.

Zipo pia nadhiri tano za watu wa nyumbani: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutotumia vilevi. Hapa Usukuma wenye mifugo unakutana na ugumu ambao haufai kufunikwa. Nadhiri ya kwanza inahusu viumbe wote, na Buddha alitaja biashara tano zisizofaa kwa mfuasi wake: ya silaha, ya kuuza binadamu, ya nyama, ya vilevi na ya sumu. Mtu anayepeleka ng'ombe mnadani wauzwe kwa mchinjaji hawezi kudai kuwa fundisho hilo halimgusi. Watawa wa mwanzo walikula nyama waliyopewa, mradi hawakuona, hawakusikia wala hawakushuku kwamba mnyama amechinjwa kwa ajili yao, lakini hilo halimsaidii sana mwenye zizi. Wengi wa Asia wenye mifugo wameishi na ugumu huo bila kuumaliza. La sumu lina kazi yake ukanda huu. Mchimbaji anayechoma zebaki kwenye jiko la nyumbani, mke akisonga ugali pembeni na mtoto akicheza sakafuni, anawapa sumu hata kama hajui. Kutodhuru, kwa nyumba hiyo, ni kuiondoa zebaki jikoni leo.

Ubaki upande wa mashariki, wa wazazi. Mzazi anadaiwa mambo matano: amzuie mtoto na mabaya, amwelekeze kwenye mema, amfundishe ujuzi wa kazi, amtafutie ndoa inayofaa, amkabidhi urithi kwa wakati wake. Mpangilio huo usomwe polepole. Ujuzi unatajwa kabla ya ndoa. Shinyanga kwa miaka mingi imetajwa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa ndoa za utotoni, na ng'ombe wa mahari wamekuwa wakiingia zizini huku madaftari yakibaki shuleni. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Baba anayemwambia binti ajifunze kwanza kushona, kutibu au kufundisha ana sheria upande wake na ana wosia wa kale.

Mtoto naye anadaiwa kwa mzazi. La kwanza kabisa ni kwamba walimlea, na sasa awalee. Hapo ndipo ukanda wa Shinyanga, Geita na Mwanza una kidonda chake kikubwa, vikongwe wanaouawa kwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi. Mara nyingi mambo huanza na kifo cha mtoto. Mtoto ameugua, amefariki, na kabla matanga hayajaanuliwa mtu ameuliza ni nani. Anaulizwa mpiga ramli, ramli inataja bibi mwenye macho mekundu. Wakati mwingine aliyelipia panga ni wa ukoo huohuo, na nyuma ya uchawi kuna shamba analolisubiri. Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi mwaka 2015, lakini marufuku haiingii ndani ya nyumba usiku ule wa msiba.

Iko hadithi ya Kibudha ya msiba wa namna hiyo. Mwanamke aliitwa Kisa Gotami wa mji wa Savatthi. Kisa ni jina lake, lenye maana ya mwembamba, na halihusiani na neno la Kiswahili. Alitoka familia maskini, na wakwe walimdharau mpaka alipozaa mtoto wa kiume. Mtoto alipoanza tu kutembea akafa. Kisa Gotami alikataa kuamini. Akambeba maiti kiunoni akaenda nyumba kwa nyumba akiomba dawa, na watu wakamwona amerukwa na akili. Alipofika kwa Buddha hakuhubiriwa. Aliambiwa alete punje za haradali, kitu ambacho kila jiko la India linacho, ila zitoke kwenye nyumba ambayo haijawahi kufiwa. Akaenda. Kila mlango walimpa haradali kwa moyo mmoja, na kila mlango alipouliza kama wamewahi kufiwa, walimtajia mama, mume, binti, mjukuu. Kufikia jioni hakuwa na punje hata moja. Akaenda akamlaza mwanawe makaburini, ndipo akarudi.

Angeweza kutumwa kwa mtu wa kumtafutia aliyemuua mwanawe. Alitumwa milangoni, akasikia misiba ya wengine, na uchungu wake ukapata wenzake. Mahali pengine, watu wa Kalama walipomweleza Buddha kwamba wana mashaka kwa sababu ya walimu wanaopingana, aliwaambia wasishike neno kwa sababu limevuma, limerithiwa, au limetoka kwa mtu wa kuheshimiwa. Walipime kwa matunda yake. Likitendwa, linaleta madhara au linaleta heri? Neno la ramli likipimwa hivyo halifiki hata kwenye mlango wa bibi.

Na macho mekundu ya bibi yana maelezo yake, hayahitaji ramli. Miaka 50 ya kupuliza moto wa samadi kavu na mabua ya pamba, ndani ya kijumba cha udongo kisicho na dirisha, inatosha kuyafanya mekundu. Mjukuu anayejengea jiko bomba la kutolea moshi, au anayelihamishia chini ya mti kiangazi chote na kukaa na bibi pale akimenya viazi vya michembe huku majirani wakipita na kumsalimia bibi, anatekeleza wajibu wa kwanza wa upande wa mashariki. Udongo wa kichuguu wa kujengea jiko hilo haununuliwi, na kazi yake ni ya siku moja.